Armelle na Mihimili Mitatu

Kila Jumamosi mchana, akishamaliza kuosha vyombo na kuanua nguo, Armelle alitembea hadi ukumbi wa kanisa pale Doonside, nchini Australia, daftari la mahudhurio likiwa kwapani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye kiongozi wa kwaya ya watoto. Anti Jerusha, muuguzi kutoka Kenya aliyeianzisha kwaya hiyo, alibanwa na zamu za hospitali, basi akamwachia kazi ndogondogo. Armelle akazifanya kubwa.

Yeye ndiye aliyetunga sheria kwamba mtoto akichelewa mara tatu hataimba. Yeye ndiye aliyeandika nani kachelewa. Na mtu akijitetea, yeye ndiye aliyesikiliza na kukata shauri, mara nyingi kabla mwenzake hajamaliza kusema.

Jumamosi moja, wiki moja kabla ya tamasha la kwaya huko Parramatta, Lyse aliingia amechelewa nusu saa, jasho likimtoka. Lyse aliishi Minto, mbali kabisa, na siku hiyo reli ilikuwa ikitengenezwa, abiria wakapandishwa mabasi. Alijaribu kueleza. Armelle akamwambia kuwa sheria ni sheria, hiyo ni mara ya tatu, akalikata jina lake. Lyse alikwenda kukaa nyuma, akalia. Bibi yake alikuwa amefika Australia mwezi uliopita kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na alikuwa hajawahi kumsikia mjukuu wake akiimba.

Jioni Armelle alifungua kazi ya shule. Darasa lao lilikuwa likijifunza serikali za nchi mbalimbali, naye alipewa Marekani; Jumatatu angewaeleza wenzake maana ya maneno muhimu. Baba yake, Révérien, alikuwa ametoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, amekaa na kikombe cha chai. Akamtaka amweleze yeye kwanza, tena kwa Kiswahili, maana Armelle alizoea kumjibu kwa Kiingereza.

"Wana mihimili mitatu, Papa. Bunge lao linaitwa Kongresi, lina mabaraza mawili, nalo linatunga sheria. Rais anazitekeleza. Mahakama inazitafsiri na kuamua kesi."

Révérien akauliza kama rais anaweza kuikataa sheria. Armelle akamwambia kuwa anaweza, kwa kura ya turufu, lakini theluthi mbili ya wabunge wa kila baraza wakishikilia, sheria inapita.

"Na rais mwenyewe akikosa sana, anajihukumu?"

"Hapana. Baraza la Wawakilishi linamshtaki, Seneti inamhukumu. Hiyo wanaiita kudhibitiana madaraka. Mhimili mmoja unauangalia mwingine ili..."

Akakumbuka daftari la kwaya. Majuma matatu nyuma alikuwa amekaa kusukwa nywele, akachelewa dakika ishirini, kisha akajiandika kuwa amewahi. Lyse alimwona akiandika, wala hakusema neno. Aibu ikamshika Armelle.

Baba yake alipomuuliza kulikoni, alimweleza yote. Révérien hakumgombeza. Aliweka kikombe mezani.

"Kule kambini kulikuwa na mtu mmoja wa chakula," alisema. "Yeye aliandika majina, yeye aligawa, na yeye alisikiliza malalamiko. Ukipunjwa, unamlalamikia yuleyule aliyekupunja. Alipoanza kazi, mtu huyo alikuwa mwema."

Armelle alilala vibaya. Kesho yake, baada ya ibada, alimfuata Anti Jerusha na kumwambia ukweli. Kisha akausema tena mbele ya kwaya nzima. Alipomgeukia Lyse kumwomba msamaha, Lyse akamshika mkono.

Siku hiyohiyo watoto wakajipangia upya. Sheria zikatungwa kwa kura ya wote, na ya kwanza ilikuwa kwamba anayecheleweshwa na treni hahesabiwi. Lyse akarudishwa. Daftari likaenda kwa Gad, mvulana mwenye mwandiko mzuri. Wengine watatu wakachaguliwa kusikiliza mashauri, na shauri lao la kwanza lilikuwa la Armelle. Waliamua kwamba ataimba, ila hataongoza wimbo wowote Parramatta. Wimbo wa kwanza akapewa Lyse.

Uamuzi huo ulimuuma Armelle, lakini hakuukataa. Jumatatu alieleza mihimili mitatu darasani bila kusoma karatasi. Na Jumamosi kwenye tamasha, akiwa mstari wa pili, alimwona bibi wa Lyse akiinuka kutoka kiti cha mbele, mikono hewani, machozi yakimshuka, mjukuu wake akianzisha wimbo. Armelle akaitikia kwa sauti yake yote.

Walipokuwa wakikusanya vitu vyao, Anti Jerusha alimwita kando.

"Mimi ndiye nilikosea kwanza," alisema. "Nilikupa kazi zote peke yako. Hospitalini kwetu, nikimpa mgonjwa dawa kali, lazima muuguzi mwenzangu aje aikague kabla sijamchoma sindano. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa na bado wananikagua. Zamani nilikuwa naudhika. Siku hizi mwenzangu akichelewa kuja, namwita mwenyewe."