Glavu ya Anti Kinya

Siku za Jumamosi, kabla ukungu wa Kibirichia haujainuka kwenye mashamba ya viazi, Kananu huwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kuwafungulia kuku. Ya pili ni kumnywesha maji Fundi, punda wao. Ya tatu hakutumwa na mtu, nayo ni kuuliza maswali. Ana miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Saba, na wenzake shuleni wamembandika jina la "Mbona" kwa sababu neno hilo haliishi mdomoni mwake.

"Mama, mbona nyuki hawatoki kukiwa na ukungu?" aliuliza Jumamosi moja.

"Kwa sababu wana akili kukushinda. Wewe umetoka bila sweta," alijibu mama yake, Angeline, huku akichochea moto.

Angeline alikuwa mkulima wa viazi na mfugaji wa nyuki. Mizinga yake minne ya mbao ilining'inia kwenye nyaya kati ya mikaratusi miwili, kwenye ukingo wa shamba. Nyuki hao hawakufunguliwa ovyo. Kila mara Mama alipotaka kurina asali, kwanza alimtuma Kananu kwenye ua apige ukelele mara tatu: "Tunafungua mzinga!" Jirani yao, mzee Salesio, alijibu, "Tumesikia!" na kwenda kuwafungua mbuzi wake. Mama naye alimfungua Fundi na kumpeleka mbali. Hapo ndipo moshi ulipowashwa. Desturi hiyo Mama aliirithi kwa baba yake, ambaye wakati mmoja alisahau kondoo dume kwenye kamba, akamkuta amekufa.

"Aliyefungwa hana mbio," Mama alipenda kusema.

Jumamosi hiyo Kananu alifanya kazi zake upesi kwa sababu Anti Kinya alikuwa anakuja. Anti Kinya, mdogo wake Mama, aliishi mjini Meru. Alipiga picha za harusi kwa droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, na alikuwa na ukurasa wa video mtandaoni ulioitwa Kinya Angani. Video iliyompa jina ilikuwa ya mchezo aliouita Tundu la Sindano. Ndani yake aliirusha droni ikapita kwa kasi kati ya miti miwili iliyokaribiana. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, bila hata kuitazama, akaidaka. Mkono huo ulivaa glavu nyeusi isiyo na vidole.

Shuleni kwao Kananu kila mtoto aliijua glavu ile. Watoto walikata soksi kuukuu, wakazivaa mkononi, na wakati wa mapumziko walirusha vigunzi vya mahindi katikati ya milingoti ya goli wakipaza sauti, "Tundu la Sindano!" Kananu naye alikuwa na yake. Aliikata soksi ya kijivu, ya shule, tena nzima, na kuificha chini ya godoro.

Lakini Kananu aliitazama video hiyo mara nyingi kuliko wenzake, hadi Mama akaanza kuificha simu kwenye debe la unga. Ndiyo maana aligundua jambo ambalo wengine hawakuliona. Mwanzo wa video kivuli cha Anti Kinya kilikuwa kifupi, kimelala karibu na viatu vyake. Alipoidaka droni, kivuli kilikuwa kirefu kama cha jioni. Na video nzima ilikuwa ya dakika moja!

Anti Kinya alipofika, hakumaliza hata kikombe cha chai kabla ya kuulizwa.

"Anti, mbona kivuli chako kilirefuka?"

Anti Kinya alicheka. "Mama Kananu, huyu mtoto wako atakuwa mpelelezi! Hiyo ni siri ya kazi, mpenzi."

"Na glavu ni ya nini?"

"Ni staili tu," alisema Anti Kinya, akiivuta glavu kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

Baada ya chai alimpeleka Kananu kwenye uwanja wazi mbele ya nyumba, mbali na mizinga, akamfundisha kuirusha droni. Kananu alikuwa na mkono mwepesi. Baada ya nusu saa aliweza kuipandisha, kuizungusha na kuishusha taratibu. Aliona kwamba kila panga kati ya yale manne yanayozunguka lilizingirwa na kikinga cheupe cha plastiki.

"Kwenye video mbona vikinga havipo?"

"Havipendezi kwenye kamera," alijibu Anti Kinya, na mara simu yake ikalia.

Mchana Anti Kinya alipanda bodaboda kwenda sokoni kununua nyama. Wachimbaji wa viazi walikuwa wamekwenda kula, na Mama alikuwa jikoni akiponda mukimo wa viazi na mahindi. Fundi alifungwa kwenye nguzo karibu na mikaratusi, akisubiri kubeba magunia hadi barabarani. Droni ilibaki juu ya meza. "Usiiguse mpaka nirudi," Anti Kinya alikuwa amesema.

Kananu hakuigusa. Aliitazama tu. Halafu akaitazama tena. Swali moja lilimwasha: je, kupita kati ya miti miwili kunahitaji kasi gani? Swali halina kosa, kuuliza si ujinga. Kosa ni kwamba safari hii hakumwuliza mtu. Alikwenda kuchukua soksi yake chini ya godoro, akaivaa, akaibeba droni nje na kung'oa vikinga vyote vinne ili ifanane na ile ya kwenye video.

Na miti miwili iliyokaribiana aliijua. Mizinga ilikuwa hapo, ndiyo, lakini alijiambia kwamba nyuki wako ndani ya masanduku yao, naye angepita juu kabisa. Kwenye skrini ya kidhibiti nafasi kati ya ile miti ilionekana wazi na nyeupe. Alisukuma kijiti mbele.

Kamera haikuwa imeuona waya. Droni iligonga waya wa juu, ikajipindua, ikaanguka juu ya mfuniko wa mzinga wa pili na kuendelea kuukwangua kwa mapanga yake yaliyo wazi. Waya mmoja ukachomoka. Mzinga ukainama upande, mfuniko ukadondoka, na droni ikatumbukia kwenye majani ya viazi ikanyamaza. Kananu akasikia mvumo ambao haukuwa wa droni.

Hakuna aliyemwona. Hilo alilifikiria, na baadaye hakulificha. Angeweza kuingia ndani kimya na kusema ni upepo. Lakini Fundi alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, kamba shingoni, na tayari alikuwa ameinua masikio. Aliyefungwa hana mbio. Kananu alitimua mbio hadi kwenye ua, akapiga ukelele hadi koo likamwuma:

"Tunafungua mzinga! Tunafungua mzinga! Tunafungua mzinga!"

"Tumesikia!" mzee Salesio alijibu kwa mshangao, na mbuzi wake wakaanza kulia wakifunguliwa harakaharaka.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani amefungua mzinga mchana huu?"

"Ni mimi! Ni droni, Mama! Fundi amefungwa!"

Mama hakuuliza la pili. Alitupa mwiko, akavaa kofia yake yenye wavu na kunyakua panga. "Ingia ndani ufunge mlango!"

Nyuki wawili walikuwa wamekwisha kumchoma Kananu sikioni. Aliingia ndani akilia, akabandika uso kwenye kioo cha dirisha. Fundi alikuwa anarusha mateke na kujizungusha kwenye nguzo, kamba ikizidi kumkaza, na kichwa chake chote kilikuwa cheusi kwa nyuki. Mama alijipenyeza kando ya mateke yale, akakata kamba kwa pigo moja. Punda alichomoka, akavuka shamba na kutokomea bondeni kwenye kijito. Ndipo Mama alipowasha bomba lake la moshi na kuanza kuwatuliza nyuki polepole, mikono yake ikiwa haina glavu yoyote.

Daktari wa mifugo, Muriithi, alimkuta Fundi amesimama kwenye maji, midomo na macho yamevimba. Alimdunga sindano mbili, akatikisa kichwa. "Angekaa kwenye ile kamba dakika kumi tu, sasa hivi tungekuwa tunachimba shimo. Akae wiki mbili bila mzigo. Nasikia mtu aliwahi kupiga kelele. Ni nani?"

Mama alimwangalia Kananu. Mikono ya Mama ilikuwa imechomwa mara kumi na moja.

Anti Kinya aliporudi na nyama yake, alikuta droni imewekwa mlangoni, mguu mmoja umevunjika. Aliitoa kadi ya kamera na kutazama yaliyorekodiwa. Kila kitu kilikuwemo: waya, mzinga, wingu la nyuki likija moja kwa moja kwenye kioo.

"Kai! Hii watu wangeitazama..." alianza, kisha akamwona Fundi akiletwa kutoka bondeni, kichwa kimeinama. Alimgeukia Kananu. "Nani aling'oa vikinga?"

"Ni mimi."

"Na nani alikuambia uving'oe?"

Kananu alijifuta machozi. Hakutaka kumkosea adabu, lakini jibu lilikuwa moja. "Wewe, Anti."

"Mimi? Lini?"

"Kwenye video havipo."

Anti Kinya alitazama soksi iliyokatwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akaketi kwenye gunia la viazi na kuvua glavu yake. Kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kidole gumba palikuwa na kovu refu, lenye alama za nyuzi tisa.

"Uliniuliza glavu ni ya nini, nikakudanganya," alisema. "Kabla ya video ile nilijaribu kuidaka bila vikinga, ikanichana. Kidole hiki hadi leo hakikunjiki vizuri. Na ulichosema kuhusu kivuli ni kweli. Nilianza saa sita mchana, nikamaliza saa kumi na mbili jioni. Ile uliyoiona ni mara ya ishirini. Mara kumi na tisa niligonga mti."

"Mbona hukuzionyesha?"

"Niliona aibu. Na watu wanapenda kuona umeweza, hawapendi kuona umeanguka."

"Lakini mimi ningependa," Kananu alisema. "Mara kumi na tisa! Uligonga mti gani? Ulibadilisha nini?"

Anti Kinya alicheka huku machozi yakimlengalenga. Jioni hiyo walikaa pamoja, na Kananu akauliza maswali yake yote, nayo yalijibiwa bila siri. Alijifunza kwamba droni hairushwi karibu na watu, mifugo wala nyaya, na kwamba anayeirusha anahitaji kibali. Alijifunza pia kwamba kila anaporusha lazima awepo mtu wa pili anayeangalia mbingu badala ya skrini, na kwamba hata Anti Kinya mwenyewe mchezo ule wa kudaka hakupaswa kuufanya.

Wiki iliyofuata Anti Kinya aliifuta video ya Tundu la Sindano na kuweka nyingine. Ndani yake alionekana akigonga mti mara zote kumi na tisa alizokuwa amezificha, kila mara ikihesabiwa. Alionyesha vikinga, alionyesha kovu. Wengine waliandika kwamba sasa amekuwa kama mwalimu, na baadhi wakaacha kumfuata. Jambo hilo lilimwuma, na hakusema uongo kwamba halikumwuma. Video ilianza kwa sauti ya Kananu akipiga ukelele, "Tunafungua!" Shuleni nao watoto wakauchukua ukelele huo, na sasa hakuna aliyerusha kigunzi golini kabla ya kuupiga na kusubiri wenzake wapishe.

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Kwa wiki mbili Kananu alisukuma viazi kwenye toroli hadi barabarani, safari sita kila jioni, huku Fundi akimtazama kutoka kwenye majani mabichi kama bosi. Siku ya mwisho, uvimbe wote ulipokuwa umeisha na Fundi amerudi kazini, Kananu alimletea Mama soksi ya kijivu.

Mama aliipokea, akaigeuza. "Hii si ya shule? Mbona imekatwa?"

"Nilifikiri glavu ya Anti ni urembo. Kumbe anafunika jeraha."

Mama alivuta kiti karibu na dirisha. "Sikiliza, mwanangu. Mimi watu wananiona nikishuka na asali. Wakiona asali peke yake, kesho mtoto wa mtu atafungua mzinga kwa mikono mitupu. Ndiyo sababu napiga kelele kwanza, na moshi wangu nauwasha mbele ya watu wote. Anayetazamwa anafundisha, apende asipende. Kinya hakujua kwamba ana wanafunzi. Na wewe unayetazama, kabla hujaiga, uliza kile ambacho hukuonyeshwa. Kivuli ulikiona, swali ulikuwa nalo. Ungelisubirisha mpaka jibu lije."

"Na Fundi?"

"Fundi yuko hai kwa sababu ulipokosea ulipiga kelele badala ya kujificha. Hilo sitalisahau." Kisha akampa sindano na uzi wa kijivu. "Sasa kaa hapa ushone soksi yako. Jumatatu utaivaa mguuni."