Ndege wa Shaba

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na fundi wa shaba alikuwa anakusanya vifaa vyake afunge karakana, mwanamke mmoja aliposimama mlangoni. Alikuwa amepakata kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama. Ila nafunga."

Mwanamke akafunua. Kilikuwa chetezo cha kale chenye umbo la ndege, kifua kimetobolewa matundu ya nakshi za majani ili moshi wa ubani upenye. Shingoni palichongwa maneno: *Baraka kwa mwenyewe*. Fundi akasahau habari ya kufunga.

"Ziba mdomo wake," mwanamke alinong'ona. "Na ukisikia kitu… usiitike."

Akaondoka kabla hajaulizwa neno.

Fundi alicheka peke yake. Aliishi chumba cha nyuma, na kitanda chake kilikuwa kipana mno tangu amzike mkewe. Watu wote walimwita fundi. Jina la mzaha alilopewa na mkewe, Koleo, halikuwa na mtu tena wa kulitamka.

Matundu yalikuwa yameziba kwa ubani uliogandia. Akatia kaa la moto tumboni mwa ndege, ubani huo ulainike apate kuukwangua. Moshi ukatoka kifuani, mwembamba…

Haukunukia ubani.

Ulinukia sabuni ya kufulia na vitunguu. Mikono ya mkewe.

"Koleo…"

Fundi akanyakua chuma cha moto cha kulehemu, azibe mdomo wa ndege.

"Koleo. Umekula?"

Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza hivyo. Majirani walimpa pole, kisha kila mtu akashika njia yake. Lehemu ilikwisha kuyeyuka kwenye ncha ya chuma. Tone moja tu, na mdomo ule ungezibika. Machozi yakamlengalenga.

"Bado," akaitika.

Wakazungumza mpaka kaa likawa majivu.

Kesho yake jioni mwanamke alirudi. Alipoona mdomo wa ndege u wazi, akaishia palepale mlangoni.

"Uliitika?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kilikuita kwa sauti ya nani?"

"Ya mke wangu. Marehemu."

"Mimi kiliniita kwa sauti ya mwanangu. Nikajua amenifia ugenini, roho yake imekuja kuniaga. Nikaweka matanga, fundi. Nikalia mpaka sauti ikanikauka. Juzi mwanangu akapiga simu. Mzima wa afya. Sasa yule niliyekuwa naongea naye… ni nani?"

Mwanamke akanyoosha mikono.

"Nipe nikakitupe."

Fundi akakikumbatia chetezo kifuani. Mwanamke alimtazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Kisha akarudi kinyumenyume hadi barabarani, akatimua mbio.

Fundi akakomea mlango. Akaweka kaa, akapuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Moshi ukapanda.

"Nani alikuwa hapo mlangoni?" sauti iliuliza, kwa wivu uleule wa mkewe.

"Mteja tu."

Ndani ya shaba kukatoka kicheko. Kizito. Kirefu…

Hakikuwa cha mkewe. Hakikuwa cha mwanamke yeyote.

Fundi alikisikia vizuri. Alijua. Miguu ilimtaka akimbie, mlango ulikuwa hatua chache tu, na nje ya mlango ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemngoja.

Akavuta kigoda karibu, akapuliza tena.