Aliyebaki Juu ya Mnara

"Dada, toka hapo!"

Kabla muuguzi hajageuka, mkono wenye vumbi ulimvuta pembeni. Tindo la kuchongea mawe likaanguka kutoka juu na kugonga marumaru, palepale alipokuwa amesimama. Umati uliofurika ua wa hekalu la Wahindu ulishtuka, ukaangalia juu, kisha ukaendelea na sala zake.

Muuguzi alikuwa amemsindikiza bibi mmoja, mgonjwa wake, aliyekuwa akisali ndani. Yeye alibaki nje, peku kama wote, gauni lake la kazi la samawati limekunjamana, akiishangaa minara iliyochongwa miungu na tembo kutoka chini hadi kileleni.

"Umeumia?" aliuliza kijana aliyemvuta. Unga wa mawe ulikuwa umemjaa hadi kwenye kope.

"Moyo tu."

"Huo siuwezi. Mimi nachonga mawe."

Muuguzi alicheka, lakini macho yake yalirudi kwenye jukwaa la mafundi lililouzunguka mnara. Baba yake, fundi rangi, alianguka kutoka kwenye jukwaa kama lile akafa, yeye akiwa bado shule ya msingi. Hilo hakulisema siku hiyo, wala siku walizokutana kwenye benchi la bustani ya hekalu, yeye akimwita "vumbi langu", mchongaji akimwita "daktari" hata akikatazwa. Mapenzi yakakolea, na hofu ikakolea nayo. Kila simu aliyompigia ikaita bila kupokelewa, alimwona ameanguka.

Mwishowe uvumilivu ukamshinda.

"Tafuta kazi nyingine," alimwambia kwenye simu.

"Kwa nini, mpenzi?"

"Nimesema tu."

"Sema ukweli. Unaona haya kuonekana na mtu wa vumbi."

"Siyo hivyo!"

"Basi ni vipi?"

"Nitakueleza siku nyingine." Mchongaji akakata simu, na kila mmoja akanuna kwake.

Alasiri moja muuguzi akaamua kwenda kumweleza. Ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu langoni, upepo ukavuma kwa nguvu, na nyuma ya ukumbi mkuu kikasikika kishindo cha mabomba ya jukwaa yanayoporomoka. Mayowe yakazuka. Alikimbia akipigana vikumbo na waliokuwa wakikimbia kutoka, akateleza, akainuka. Upande wa pili jukwaa lote lilikuwa limelala chini, vumbi limetanda.

"Kuna mtu humo?" alimuuliza mlinzi.

"Wote wameshuka salama, kasoro yule."

Akaangalia juu. Mchongaji wake alikuwa amekumbatia shingo ya tembo wa jiwe, nyayo zake kwenye ukingo mwembamba, mkanda wa usalama unaning'inia hewani.

"Zimamoto wako njiani," mlinzi alisema.

Muuguzi hakungoja. Alipanda ngazi za ndani ya ukumbi mkuu hadi kwenye roshani iliyotazamana na mnara.

"Vumbi langu! Usiangalie chini. Niangalie mimi."

"Mikono inakufa ganzi, daktari."

"Haijafa. Mikono iliyokufa naijua mimi."

"Hata hapa unatania?"

"Nisipotania nitalia."

Upepo ukaipeperusha ovaroli ya mchongaji.

"Niambie sasa," mchongaji alisema. "Kwa nini ulitaka niache? Nisife na kinyongo."

Muuguzi akamwambia yote kuhusu baba yake. Mchongaji alifumba macho.

"Kumbe ulikuwa unaogopa."

"Naogopa hata sasa. Shikilia!"

King'ora kikalia barabarani. Ngazi ya gari la zimamoto ikapanda polepole mno, mtu wa zimamoto akamkamata mchongaji kiunoni, na muuguzi hakupumua mpaka alipoona mguu wa mpenzi wake umekanyaga chuma.

Walikaa sakafuni uani, muuguzi akimfuta mchongaji damu viganjani.

"Nisikudanganye," mchongaji alisema. "Jukwaa likijengwa upya, nitapanda. Bado utanitaka?"

Muuguzi aliangalia mnara.

"Nitakutaka huku natetemeka. Lakini mkanda ufungwe."

"Utafungwa. Basi nipeleke kwa mama yako, nikakupose."

"Akisikia kazi yako atalia."

"Nitakaa naye mpaka anyamaze."

Alitaka kucheka, kikamtoka kilio alichokuwa amekibana tangu langoni. Akamng'ang'ania kifuani mbele ya umati wote, na mchongaji akamkumbatia kwa viganja vyake vilivyochubuka.