Mota ya Paa Kutoka Ijumbi

Haya yalimkuta rafiki yetu Bashiri, fundi wa magari wa mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Alikuwa na gari la mteja, lenye paa la turubai linalojikunja kwa kitufe, na mota ya paa ilikuwa imeungua. Spea ile haikupatikana pale mjini wala Mwanza. Akasikia gari kama lile limeachwa migombani katika kijiji cha Ijumbi, kwa mjane aitwaye Benigna.

Alifika adhuhuri, lakini chini ya migomba kulikuwa giza. Benigna akamletea kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, kama wafanyavyo Wahaya kwa mgeni.

"Sikuja kutafuna, mama," Bashiri akafoka. "Nimefuata mota."

"Mume wangu haguswi gari lake na mtu asiyetafuna naye."

"Si amekufa?"

Benigna akamtazama kwa chuki, akaingia ndani na kikapu chake, akakomea mlango. Bashiri akaing'oa mota, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mvua ilinyesha, akafunga milango ya gereji. Alipomaliza kuifunga mota akaketi kwenye usukani, peke yake, akabonyeza kitufe. Mota ikanguruma. Paa likaja polepole juu ya kichwa chake, likabana. Giza. Akabonyeza tena; kimya. Akasukuma mlango, haukufunguka.

Nyuma yake, kwenye kiti kitupu, mtu akaanza kutafuna, kahawa kavu zikivunjika moja moja.

Kisha kikapu kidogo kikamgusa begani.