Bibi Leya na Sindano ya Safari

Sebuleni kwa Ruhimbika, mtaa wa Okolona, Louisville, Marekani, hapakuwa na pa kukanyaga. Masanduku yalikuwa wazi. Ndugu wa Columbus walileta viatu vya zawadi. Wa Buffalo walileta makoti mazito, kama vile kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ina theluji.

Mama yake, Bibi Leya, alikuwa amekalia sanduku ili lifungike. Kwa kazi hiyo Mungu alimpa umbo linalofaa.

Yeye na Ruhimbika walikuwa wanakwenda kumwona dada yake mkubwa, Liberati. Dada hao hawakuwa wameonana tangu Leya alipohamia Marekani. Sasa macho ya Liberati yalikuwa yanafifia. Alisema kwenye simu, "Leya, njoo nikuone kabla hayajazima."

Zilibaki wiki tano kabla ya safari. Jirani yao Emérence, ambaye ni muuguzi, aliingia na sahani ya mandazi.

"Mama Leya, masanduku yamejaa. Na chanjo je?"

"Chanjo gani, binti yangu? Walituchoma kambini kabla ya kuja huku, mpaka mkono ukawa chujio. Na mbu wa kule wananijua. Hawaniumi bila kunisalimia."

Ruhimbika alicheka. Emérence hakucheka.

"Zile zilikuwa za kuja huku. Za kwenda kule ni nyingine. Uganda wanadai kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Mnachomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Na si kila kliniki inayo."

"Na mbu wangu?"

"Wamekusahau, Mama. Ukikaa mbali miaka mingi, mwili unapoteza nguvu ya kupigana na malaria. Mtapewa vidonge. Mnaanza kabla ya safari, mnaendelea kule, mnamaliza mkisharudi."

"Bon, sawa, tutakwenda kliniki."

"Umri wako ni miaka mingapi?"

"Pasipoti inasema hamsini na nane. Tarehe moja Januari."

"Kama nusu ya kanisa letu," alisema Ruhimbika. Kambini, asiyejua siku yake aliandikiwa hiyo.

"Na umri wa kweli?"

Bibi Leya alitazama dari. "Karani alikisia. Alitazama meno yangu. Wakati ule yalikuwa mazuri."

"Kwa mwenye miaka sitini na zaidi, sindano hii inaweza kuleta shida kubwa, ingawa ni mara chache. Daktari lazima ajue, apime kwanza. Mwili hausomi pasipoti."

Wakampigia Liberati.

"Leya? Alizaliwa mwaka ule mvua ya mawe ilipoua ndama wa baba. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza shule, nina miaka saba, na sasa nina sabini na mitatu."

Ruhimbika alihesabu kwa vidole. "Mama! Una miaka sitini na sita!"

"Punguza sauti. Yule mzee wa kwaya aliyefiwa na mke anakaa nyumba ya pili."

Lakini njiani kwenda kliniki ya wasafiri, Bibi Leya hakutania. "Nikisema ukweli wakanikatalia, dada hataniona tena."

Hata hivyo alisema. Daktari alimuuliza magonjwa yake na dawa zake za presha, moja moja.

"Asante kwa kuniambia," daktari alisema. "Huna ugonjwa wa kukuzuia, na homa hiyo unaweza kuikuta kule. Ni afadhali uchomwe. Ukipata homa kali au udhaifu, rudi haraka."

Alimchagulia vidonge vya malaria visivyogombana na dawa zake. Ruhimbika naye alichomwa, akafumba macho kama mtoto.

Mkono wa Bibi Leya uliuma siku mbili. Alilalamika wiki nzima, maana supu ya kuku aliyopikiwa ilikuwa tamu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, askari alitazama kadi za njano, akawapisha.

Huko Nakivale, Liberati alimshika dada yake mashavu, akausogeza uso huo karibu na macho yake.

"Nakuona, Leya. Umezeeka!"

"Pasipoti inakataa."

Walicheka, wakalia, wakamshukuru Mungu. Jioni Leya alimeza kidonge chake, akalala ndani ya chandarua pamoja na dada yake, kama zamani.

Alirudi Louisville mzima, na kikapu alichosukiwa Emérence. "Dada yangu anasema asante. Wewe ndiwe uliyenifikisha."

Wiki hiyo shemeji yake Sebagabo alipiga simu kutoka Columbus. Naye alitaka kusafiri kwenda Nakivale. Bibi Leya akamuuliza kama amechanjwa.

"Ya nini chanjo, shemeji? Mbu wa kule wanatujua."

"Nimekaa nao mwezi mzima," alisema Bibi Leya. "Hakuna hata mmoja aliyenisalimia. Nenda kliniki. Na useme umri wa kweli, maana mimi naujua."