Skrini Iliyokawia Kufunguka

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya mlango wa chumba cha seva, kucha zimevunjika. Seva za hospitali ziliendelea kunguruma kana kwamba hapakuwa na kilichotokea. Baridi ya viyoyozi ilimwingia Inspekta hadi kwenye mifupa.

Marehemu alikuwa fundi wa mitambo hiyo. Daktari wa uchunguzi wa maiti hakupepesa maneno.

"Amekosa hewa. Gesi ya kuzimia moto imefunguliwa, na moto haukuwapo."

"Imefunguliwa kutoka wapi?"

"Nje, kwenye ukuta. Na mlango umefungwa huko huko nje."

Mkuu wa kitengo cha kompyuta aliketi ukumbini, ameinamisha kichwa. Marehemu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Inspekta akamletea glasi ya maji kutoka ubavuni. Hakuipokea. Alipoambiwa, alipapasa hewani kabla ya kuigusa. Msiba humchanganya mtu, Inspekta aliwaza.

Fundi mwenzake na marehemu, dada mmoja mpole, alimkaribisha Inspekta kwenye meza yake ya kazi.

"Alikuwa akishughulika na nini siku hizi?"

"Ucheleweshaji, afande. Ndani ya seva hizi tuna mashine pepe, kompyuta zisizo na mwili. Kila moja tunaifungulia skrini yake kutoka hapa. Zamani ukibofya tu, imefunguka. Sasa unangoja mpaka unachoka. Wenzangu wanasema chumba kina jini."

"Na marehemu alisemaje?"

"Alisema jini halihitaji waya. Alitaka kujua tunapongojeshwa ni wapi."

"Nionyeshe."

Akabofya mashine pepe ya marehemu. Skrini ikabaki nyeusi. Walingoja. Dada yule akafungua dirisha jingine, akafuatilia njia ya ombi lake, kisha akasita.

"Haliendi moja kwa moja. Linapitia kwanza kwenye mashine ambayo siijui. Mtu amejiweka katikati, afande. Kila tunachokitazama, anakitazama."

Hapo skrini ikafunguka. Ilikuwa kumbukumbu ya kazi ya marehemu, mistari imejaa. Kisha mstari mmoja ukatoweka. Ukafuata wa pili.

Dada yule akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Mistari iliendelea kufutika, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wa mtu wasiyemwona.

"Nani mwingine ana ruhusa ya kuingia humo?" Inspekta alinong'ona.

"Mkuu peke yake."

Inspekta alitembea kwa kunyata hadi mwisho wa ukumbi. Mlango wa ofisi ya Mkuu ulikuwa wazi kidogo. Mkuu aliinamia kompyuta, pua karibu igonge kioo, herufi zimekuzwa kila moja kama kiganja. Inspekta akasimama ubavuni pake, karibu kabisa, akainua mkono. Mkuu hakugeuka.

"Huoni pembeni," Inspekta alisema.

Mtu yule akatulia. Hakuuliza ni nani.

"Naona kama kupitia tundu la ufunguo. Na tundu linazidi kuziba."

"Ndiyo maana ulijiweka kwenye njia ya skrini?"

"Kila mwaka tunapimwa macho. Nilihitaji kuingia kwenye mashine pepe ya daktari wa macho, nibadilishe majibu yangu. Kipofu hapewi kitengo, afande. Kazi hii ndiyo mimi."

"Shemeji yako akagundua."

"Alikuja kwa adabu. Akasema, 'Shemeji, nenda kaseme mwenyewe, tutakushika mkono. Usipokwenda, nitasema mimi.' Kisha akaingia mle ndani kuikata ile njia." Akapapasa ukingo wa meza. "Nikavuta mlango. Swichi ya gesi niliitafuta kwa vidole."

"Ulimsikia?"

"Aliniita shemeji mpaka mwisho."

Inspekta akamfunga pingu. Ilibidi aishike mikono yake na kuielekeza kwenye pingu.

"Mkeo anajua nini?"

"Kwamba mdogo wake amefariki. Asubuhi nilijikwaa kizingitini, akanishika mkono hadi garini. Akaniambia, 'Lia tu, mume wangu. Machozi yanakuziba macho.'"