Mama Hataki Kiti cha Dirishani

Fundi alikuwa na goti bovu la mguu wa kulia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikanyaga cherehani kwenye kibaraza cha nyumba yake. Sare za shule, mapazia, magauni ya harusi, yote aliyashona kwa mguu huo. Sasa goti likikunjwa muda mrefu, huvimba. Mwaka uliopita alisafiri kwa basi muda wa saa tisa kwenda msibani. Aliposhuka alibebwa. Alilala siku tano huku wafiwa wakimkanda yeye. Aibu ile hakuisahau.

Sasa binti yake aliyeolewa ng'ambo alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Hakuwa na mtu wa kumsaidia mchana. Fundi alipewa viza ya wiki mbili tu. Na safari ya ndege ni saa kumi na tatu bila kutua.

"Wiki mbili," alisema, akikata uzi kwa meno. "Nikifika nimevimba, nani atamlea nani?"

Mwanawe mkubwa, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeshughulikia tiketi. Jioni moja alipanda kibarazani anatabasamu.

"Mama, nimekuchagulia kiti kizuri. Mstari wa mwisho kabisa, dirishani. Hapiti mtu mbele yako. Na choo kiko hapo hapo nyuma."

Nia ya kijana ilikuwa njema, tusimwonee. Katika nyumba ile kiti cha mama kiko pembeni, kimegusa ukuta. Mgeni mzee akija, hukalishwa pale. Ndiyo heshima yao. Kijana alidhani heshima hiyo inafaa hata angani.

"Hicho kiti hapana," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa jirani yao, amekuja kuchukua suruali yake ya kazi iliyotiwa kiraka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha ndege uwanjani. Mtaa mzima ulimwita Rubani, kwa kumtania, maana hajawahi kuruka hata mara moja.

Mwalimu akacheka. "Rubani, wewe umepanda ndege ipi?"

"Zote, mwanangu. Ila hushuka kabla hazijaruka. Wewe umekaa viti vingapi? Mimi nimefuta kila kiti. Nikikuta mto umebanwa ukutani na blanketi limekunjwa mara nne mgongoni, najua aliyekaa hapo aliteseka. Mstari wa mwisho naukuta hivyo kila siku."

"Basi tuonyeshe," Fundi alisema.

Rubani hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliingia sebuleni, akapanga viti vitatu vya kulia chakula, migongo imegusa ukuta. Mbele yavyo akapanga vingine vitatu, karibu karibu. Akamkalisha mwalimu kwenye kile cha pembeni. Kwenye viti viwili vya jirani akaweka magunia mawili ya vitambaa.

"Hawa ni wenzako. Wamelala fofofo. Sasa laza mgongo wa kiti chako."

Mwalimu alisukuma. Ukuta haukusogea.

"Mara nyingi mstari wa mwisho uko hivyo. Haulali, au unalala kidogo tu. Haya, mkojo umekubana. Toka."

Mwalimu alijaribu kuyaruka magunia. La kwanza aliliparamia, la pili likamwangusha. Mama yake alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaacha kucheka. Alichukua futi yake ya kushonea, akakaa kwenye kiti kile kile, akapima kutoka goti lake mpaka kiti cha mbele.

"Vidole vinne," alisema. "Goti langu likae hapa saa kumi na tatu? Siendi kufungwa jela mimi!"

"Si mbele kabisa basi? Au pale kwenye mlango wa dharura?" aliuliza mwalimu, anajipangusa magoti. "Nasikia kuna nafasi kubwa."

"Mlango wa dharura si wa mama yako," alisema Rubani. "Anayekaa pale lazima aweze kusaidia kuufungua. Mwenye goti bovu hawamruhusu. Mstari wa mbele nafasi ipo, lakini mkoba huruhusiwi kuuweka miguuni wakati wa kuruka na kutua. Na vitanda vya watoto wachanga hufungwa pale. Ukipenda kilio, kaa."

"Kwa hiyo?" aliuliza Fundi.

"Kiti cha njiani, kando ya pale watu wanapopita. Kitu cha kwanza ni hicho. Mguu upi unauma?"

"Wa kulia."

"Basi njia iwe mkono wako wa kulia. Utaunyoosha kila njia ikiwa tupu. Kitoroli cha chakula kikija, uurudishe ndani. Usikae karibu na choo wala jikoni, watu husimama pale kutwa. Ukiogopa kurushwarushwa, kaa usawa wa mabawa. Na uinuke kila baada ya saa moja au mbili, utembee kidogo. Ukikaa, zungusha vifundo vya miguu. Kunywa maji. Kabla ya yote hayo, mwonyeshe daktari hilo goti."

Mwalimu alikuna kichwa. "Lakini Mama, njiani kila mtu atakugusa bega. Na kiti nimeshakithibitisha."

Fundi alisimama, futi imening'inia shingoni.

"Heshima yangu iko kwenye kutembea, si kwenye ukuta. Kibadilishe leo. Ukishindwa, kesho nakwenda ofisini kwao na cherehani yangu. Nitashona pale mpaka wakibadilishe."

Kijana alimjua mama yake. Alifungua ramani ya viti kwenye simu, naye Rubani akachungulia begani. "Usisome herufi ya kiti tu," alimwonya. "Ndege hutofautiana. Angalia njia iko wapi." Walipata kiti cha njiani, usawa wa bawa, njia ikiwa kulia.

Siku ya safari Fundi alikaa kwenye kiti chake. Hajamaliza kufunga mkanda, akaja bwana mmoja mwenye koti.

"Mama, nipishe hapa. Wewe kakae kwangu, kule dirishani. Wazee hupenda dirisha."

"Mzee gani alikuambia?"

"Ni hisani tu, mama."

"Hisani hiyo mpe mwingine. Namba ya kiti hiki iko kwenye karatasi yangu. Siinuki."

Bwana yule alimwita mhudumu. Mhudumu akaitazama karatasi, akamwomba bwana akakae kwake. Abiria waligeuza shingo. Fundi hakuona haya hata kidogo. Amewapisha watu maisha yake yote, mara hii hapana.

Aliinuka kila mara, akatembea mpaka mwisho wa ndege na kurudi. Mstari wa mwisho alimwona mama mmoja amebanwa dirishani, jirani zake wamelala. Alimwita mhudumu awaamshe, mama wa watu apite.

Walipotua, goti lilikuwa zito. Lakini halikuvimba.

Binti alikuwa anamngoja kwenye mlango wa kutokea uwanjani, amejishika tumbo, mumewe amembeba mtoto. Mbele yao kulikuwa na kiti cha magurudumu. Kaka yake alikuwa ameshapiga simu: mpokeeni mama na kiti, hawezi kutembea.

"Kaa, Mama," alisema binti.

Fundi aliutua mkoba wake juu ya kiti. Kisha akamtazama binti yake, uso umempauka, kovu la upasuaji bado bichi. Akauondoa mkoba, akautundika begani.

"Kaa wewe," alisema.

Binti alikataa. Fundi alimkalisha kwa mabega, kama anayempima gauni. Akampokea mjukuu kwa baba yake, akamweka mapajani pa mama yake. Akashika vishikio kwa mikono miwili, akasukuma.